Kulikaribisha Dubwana Nyumbani: Ushauri kwa Wenye Nyumba wa Goma

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe yaliyokuwa moto, na wakaazi wake wamekwisha kuisikia milio ya mizinga kwa masikio yao wenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye busara akiuliza kuna haja gani tena ya kuketi jioni mbele ya televisheni ili kutishwa na dubwana la mpira lililobandikwa manyoya, swali lake ni la haki na linastahili jibu kamili. Jibu langu ni kwamba haja ipo, ila ina masharti, na masharti hayo ndiyo niliyokusudia kuyaeleza hapa kwa baba na mama wenye nyumba, na kwa kaka na dada walioachiwa wadogo zao kuwatunza, ambao aghalabu ndio wenye kushika rimoti wazazi wakiwa hawajarudi kutoka sokoni.

Hofu iliyotukuta jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu juu ya volkano ya Nyiragongo na watu wakatoka na magodoro vichwani kuelekea mpakani au njia ya Sake, haikutuomba ruhusa wala haikutueleza itakwisha lini. Na hofu ya mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mitaani, ilikuwa vivyo hivyo. Hofu ya namna hiyo humwingia mtu bila kumwachia nafasi ya kuitazama, naye huibeba mwilini miezi na miaka pasipo kujua kwamba ameibeba. Filamu ya dubwana ni hofu iliyoalikwa: ina saa yake ya kuanza na saa yake ya kwisha, ina kitufe cha kuizimia, na wanaoipata huipata wakiwa wameketi bega kwa bega na jamaa zao, wakijua kwamba mlango umefungwa na chakula kimo chunguni. Moyo hudunda kweli, kisha hutulia kweli, na mtu hujionea mwenyewe kwamba kudunda huko hupita. Sidai kwamba filamu ni dawa ya aliyejeruhiwa na vita, maana huyo tiba yake ni nyingine, nami nitalirudia jambo hilo mahali pake. Nasema tu kwamba familia iliyokwisha kutishwa bila hiari yake haikosi faida ikijizoeza kutishika kwa hiari, tena pamoja na kicheko.

Sharti la kwanza ni uchaguzi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Aendaye kujaziwa filamu katika flashi huko Birere au karibu na soko la Virunga hupewa kila kitu kwa pamoja, za vita na za wachawi na za madubwana, na muuzaji huziita zote filamu za kutisha kana kwamba kutisha kwake ni kumoja. Mimi nazitenga. Filamu za vita sizitaki katika chumba chenye mtoto wa Goma, kwa kuwa mlio wa bunduki kwake si hekaya. Filamu za wachawi nazikataa kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi: ndani yake mwovu huwa na sura ya bibi kizee, au ya mama wa kambo, au ya yatima aliyepokewa nyumbani, na mtazamaji akiinuka kwenda kulala humwangalia bibi yake mwenyewe kwa jicho asilokuwa nalo kabla. Katika nchi yetu watoto wamefukuzwa majumbani na kupigwa kwa kusingiziwa uchawi, hata sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikalazimika kulitaja kosa hilo na kumwekea adhabu kila amzuliaye mtoto. Na sinema inayolisha tuhuma za aina hiyo haistahili umeme wa nyumba yenye watoto. Dubwana, kwa upande wake, halifanani na jirani yeyote. Mjusi aliyekua hata akayapita malori kwa ukubwa hana shangazi mtaani, na mtoto aliyemwogopa usiku hatakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole asubuhi.

Na miongoni mwa madubwana nalipendelea lile lililotengenezwa kwa fedha kidogo, wala si kwa sababu ya kulihurumia. Madubwana ya siku hizi yanayotengenezwa kwa mamilioni ya dola hufanywa ndani ya tarakilishi, na ustadi wake ni mkubwa mno hata jicho halipati mahali pa kushika. Mtazamaji hana la kufanya ila kuamini au kufumba macho. Dubwana la fedha kidogo huonyesha mshono wake. Mtoto mwenye macho makali, na wote ni wenye macho makali, ataona mguu wa mtu ndani ya mguu wa mnyama, naye atakuwa ameogopa na kufahamu kwa dakika ile ile moja. Na kuvipata viwili hivyo kwa pamoja ni elimu ambayo sijaona chombo kingine kinachoitoa kwa wepesi kama huo.

Mfano niupendao kuliko yote ni The Killer Shrews, filamu ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Ray Kellogg huko Texas, nchini Marekani, ambayo ni ya rangi nyeusi na nyeupe na haifiki hata saa moja na robo. Kisa chake ni cha kisiwa kimoja ambamo mtaalamu fulani, katika majaribio yake, amewafanya virukanjia, wale wanyama wadogo wenye pua ndefu wanaofanana na panya, wawe wakubwa na wenye njaa isiyoshibishika. Tufani inawazuia wageni kuondoka, usiku unaingia, na wanyama wanaanza kuzitafuna kuta za udongo. Wenye filamu hawakuwa na fedha za kuunda virukanjia, basi wakawatwaa mbwa wa kuwindia, wakawavika manyoya na mikia mirefu, wakawaachia wakimbie mbele ya kamera. Na palipotakiwa uso wa mnyama kwa karibu, wakatumia kichwa cha bandia kinachochezeshwa kwa mkono. Ukiwatazama vyema utawaona mbwa wakikimbia kwa furaha ya mbwa. Hata hivyo kile chumba kilichofungwa, na ile sauti ya meno ukutani, na wale watu wanaogombana badala ya kusaidiana, vinatisha kweli kweli, kwa kuwa hofu yake imekaa katika mazingira zaidi kuliko katika mnyama.

Wokovu wao nao ni wa watu wasio na kitu: wanayafunga pamoja mapipa matupu, wanayafunika juu yao, kisha wanatembea wakiwa wamechutama ndani yake mpaka ufukoni, huku wanyama wakiyakwaruza kwa nje. Mtoto wa Goma, aliyezoea kubeba bidoni la maji kutoka ziwani au bombani, atauona upesi welekevu wa hila hiyo, na pengine kesho yake utamkuta uani na wenzake chini ya karai, wakijaribu kutembea. Waache wajaribu. Filamu hiyo hailindwi tena na haki ya kunakili huko ilikotoka, kwa hiyo aipataye hana wa kumwibia. Ndugu yake, The Giant Gila Monster, ya mwaka ule ule na ya mwongozaji yule yule, ambamo mjusi wa kweli anatembezwa kati ya magari ya kuchezea ili aonekane jitu, inafaa kwa jioni ya pili. Ni dhaifu kuliko ya kwanza, lakini watoto wadogo huipenda.

Kwa waliokwisha kukomaa kidogo naipa heshima ya pekee Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur chini ya usimamizi wa Val Lewton, kwa fedha zisizofikia dola 150,000, ambazo kwa kampuni kubwa za Hollywood za wakati ule zilikuwa kidogo. Mwanamke mmoja anaamini kwamba atageuka chui mweusi, na chui huyo karibu haonekani kabisa. Palipohitajika hofu, wakaweka kivuli, au ukimya wa barabara usiku, au maji ya bwawa la kuogelea yakirusha mwanga juu ya dari huku mngurumo ukisikika kutoka mahali pasipojulikana. Mwenye nyumba aliyeitazama filamu hiyo mara moja atafahamu kwa nini ufukara wa fedha si ufukara wa fikra, na atafahamu pia, jambo lenye manufaa kwa mlezi, kwamba kisichoonekana ndicho kinachomsumbua mtoto kitandani kuliko kinachoonekana. Kwa ajili hiyo siishauri kwa wadogo.

Vijana wa miaka kumi na minne na zaidi waonyeshwe Gojira, iliyotoka Japani tarehe 3 Novemba 1954 na kuongozwa na Honda Ishiro. Kwa vipimo vya Kijapani vya siku zile haikuwa kazi ya bei ndogo, lakini dubwana lake lilipatikana kwa njia ya mnyonge: mafundi hawakuwa na muda wala mali ya kumchezesha mdoli picha kwa picha, kama Wamarekani walivyofanya katika King Kong ya mwaka 1933, basi wakamvika mtu, Nakajima Haruo, vazi zito la mpira lililomchosha hata kuzimia, wakamwachia aukanyage mji wa vijumba vilivyoundwa kwa mikono. Katika kisa, dubwana linaamshwa na majaribio ya mabomu ya haidrojeni, na waliokuwa wakiitazama filamu hiyo kule Tokyo walikuwa na kumbukumbu mbichi ya Hiroshima na Nagasaki. Hapa mzazi wa Kikongo ana neno la kusema ambalo wazazi wa nchi nyingi hawana: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani uliounda mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Kijana akilisikia hilo kabla ya taa kuzimwa, hatalitazama dubwana la Kijapani kama kioja cha ugenini. Atajua kwamba udongo wa nchi yake umo katika kisa kile, na maswali atakayouliza baada ya hapo yatakuwa na uzito kuliko filamu yenyewe.

Yapo madubwana mengine ambayo siyakatazi, ila nataka yatazamwe kwa tahadhari, nayo ni yale yaliyovishwa ngozi ya wanyama wetu. Mwaka 1930 ilitoka Marekani filamu iitwayo Ingagi, ikatangazwa kuwa ni habari ya kweli ya msafara uliofika Kongo ya Wabelgiji na kukuta watu wanaowatoa wanawake wao kwa masokwe. Wanawake walioitwa Wakongo walikuwa wakaazi wa Los Angeles walioajiriwa. Sokwe mkuu alikuwa Charles Gemora, fundi hodari wa mavazi, ndani ya vazi lake mwenyewe. Na mnyama wa ajabu aliyedaiwa kugunduliwa katika msitu alikuwa kobe aliyegundishwa mabawa na magamba. Filamu ilivuna fedha nyingi, na ilipofika mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya haki ikaithibitisha kuwa ni ghiliba. Vazi la sokwe si dhambi. Dhambi ni kuliita vazi hilo ukweli, na kuwatia aibu watu waliokuwa mbali wasioweza kujibu.

Miaka 65 baadaye ikaja Congo, ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton; nayo, ingawa iligharimu kiasi cha dola milioni 50 na haimo katika jamii ya filamu za fedha kidogo, naitaja kwa sababu kisa chake kinapangwa hapa petu, katika milima ya Virunga, na kwa sababu haupiti muda mrefu bila mtu kuileta nyumbani akisema ni filamu ya kwetu. Ndani yake wamo gorila wa kijivu wanaowaponda watu vichwa kwa kulinda almasi, nao pia ni watu waliovaa mavazi. Ukiionyesha, usiiache iondoke bila jibu. Waeleze watoto kwamba gorila wa milimani hula majani na machipukizi ya mianzi. Kwamba waliobaki duniani ni elfu moja na ushei tu. Kwamba hifadhi yao iliasisiwa mwaka 1925, na askari wake zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini. Waeleze habari za Ndakasi, aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa mtoto mchanga, ameshikamana na maiti ya mama yake aliyepigwa risasi na watu, akalelewa Rumangabo, akafa tarehe 26 Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake. Baada ya maelezo hayo mtoto yeyote atajua ni nani katika Virunga aliyekuwa na haki ya kumwogopa mwenzake.

Sasa niingie katika nyumba yenyewe. Mwenye kualika na aitazame filamu peke yake kwanza, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dhahiri: ajue kilichomo. Ya pili ni ya watu wa mji huu hasa: umeme wa shirika la SNEL una tabia yake, na hata aliyeunganishwa na umeme wa mtambo wa Matebe, au mwenye sola na betri juu ya bati, hana dhamana kwamba kisa kitafika mwisho wake. Hofu iliyokatizwa njiani ni mbaya kuliko hofu iliyotimia, maana dubwana linabaki hai gizani bila ya kuuawa; basi giza likiingia katikati ya kisa, mwenyeji awashe tochi na aumalizie mkutano hadithi kwa mdomo wake, mpaka dubwana life na watu wafike salama, ndipo awaruhusu kulala. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupendelea filamu fupi. Betri ya tarakilishi ndogo iliyojazwa mchana huweza kuibeba moja nzima.

La hewa ni zito kuliko yote niliyoyasema mpaka hapa, nami naomba lisomwe kwa makini. Watu wakitaka giza la sinema hufunga madirisha, huteremsha mapazia, huziba nyufa za mbao kwa vitambaa, kisha kwa kuwa usiku wa Goma una baridi, huingiza mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ili wapate joto na wakaange chochote. Makaa yanayowaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asioamka. Na jenereta lililowekwa korido au chini ya dirisha hufanya hivyo hivyo. Mbabula ibaki nje, na dirisha moja libaki wazi hata kama mwanga wa barabara utaingia na kuchafua picha. Wakaazi wa pande za ziwani za magharibi, tangu Himbi hadi njia ya Sake, wanajua zaidi kuliko mimi habari za mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini na kutuama mabondeni. Hao wasiwalaze watoto sakafuni katika chumba kilicho chini ya usawa wa uwanja, hata kama mkeka ndio raha ya sinema.

Kuhusu sauti, kumbuka kwamba nyumba zetu nyingi ni za mbao na mabati, na kwamba ukuta wako ni ukuta wa jirani. Yowe la mwigizaji saa nne za usiku laweza kumwinua mzee kitandani akadhani ni wezi, au likawaleta watu wenye silaha ambao hawatauliza kwanza ni filamu gani. Anza mapema, mara tu giza linapoingia, punguza sauti hadi chini ya sauti ya mazungumzo, na mwambie jirani tangu mchana. Ukimwalika kabisa ni bora zaidi. Katika miezi ya mvua, bati likianza kupigwa hutasikia neno lolote, kwa hiyo anayeweza kusubiri na azingojee jioni za Juni hadi Agosti.

Choo kikiwa nje, kila mtu aende kabla ya filamu, na baada yake mtu mzima asimame mlangoni na tochi mpaka wa mwisho arudi. Jambo hili laonekana dogo kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka minane zile hatua ishirini za uani ndizo filamu yenyewe. Usizime taa zote. Taa moja ya korido haimpunguzii mtu utamu. Chakula kiwe cha kushika kwa vidole: samaki wadogo aina ya sambaza waliokaangwa wakakauka, karanga, bisi, na chai ya moto katika chupa, ili pasiwe na haja ya mtu kuinuka kwenda jikoni pale mambo yanapopamba moto.

Nimefika katika jambo ambalo moyo wangu unalipenda kuliko mengine, nalo ni msimulizi. Filamu hizi nyingi ni za Kiingereza, na maandishi ya chini hayasomeki na kila mtu. Lakini Afrika ya Mashariki ililipatia tatizo hilo ufumbuzi zamani. Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye aliweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akieleza, akionya, akiongeza yasiyokuwamo, hata wapo waliozitafuta kanda kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya waigizaji. Ng'ambo ya mpaka wetu, kwa Wanyarwanda, marehemu Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, alikuwa na daraja hilo katika filamu za agasobanuye, yaani zilizosimuliwa kwa lugha yao. Na Kampala wamo wengi, akiwemo VJ Emmie, ambaye sauti yake imeshikamana na filamu za Nabwana Isaac, mwongozaji wa mtaa wa Wakaliga, kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha.

Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo: mjomba mwenye maneno mengi, au dada aliyesoma Kiingereza. Mpe kiti kilicho karibu na kioo na umkabidhi kazi. Asimulie kwa Kiswahili cha nyumbani, ampe kila mhusika jina la kwetu ili watoto wasichanganyikiwe, na alitanie dubwana linapozidi kuwa kali, kwa maana msimulizi ndiye mwenye hatamu ya hofu ya chumba kizima. Akiona machozi yanakuja, neno moja la kuchekesha humrudisha mtoto nyumbani. Lakini ajue pia kunyamaza. Pale mlango unapofunguka polepole na hakuna aonekanaye, asiseme lolote, hata akiwa na utani mzuri mdomoni. Ukimya huo umetengenezwa na mafundi kwa jasho, na anayeujaza kwa maneno amewanyang'anya wenzake.

Nimeahidi kuyarudia ya wale waliojeruhiwa. Katika nyumba nyingi za mji huu, na hasa zilizowapokea jamaa waliotoka makambini au vijijini, yupo mtoto anayeruka bati likigongwa. Huyo asishurutishwe, wala asibembelezwe, wala asiitwe mwoga mbele ya wengine. Apewe kazi ya heshima nje ya chumba pamoja na mtu mzima anayempenda, au aketi mlangoni awe huru kutoka bila kuomba ruhusa. Na akitoka, asiulizwe kwa nini. Michezo ya kujificha nyuma ya mlango na kumtisha mtu baada ya filamu ipigwe marufuku kwa wote, maana imevunja usingizi wa watoto wengi kuliko filamu yenyewe. Na mtoto ambaye ndoto mbaya zinamwandama wiki baada ya wiki, au amerudia kukojoa kitandani, au amekataa chakula, mzazi asililaumu dubwana peke yake. Ampeleke katika kituo cha afya aulizie wahudumu wa afya ya akili, kwa kuwa huenda kilichoamka ni cha zamani, na filamu imekigusa tu.

Kwa wale waliofurahi, kesho yake ndiyo siku ya mavuno. Wape maboksi, vitambaa vibovu, gundi na masizi ya makaa, uwaambie waunde dubwana lao, na mwenye simu alipige picha. Usidharau mwanzo wa aina hiyo. Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, katika mtaa wa mabanda wa Wakaliga kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na leo hii inatazamwa katika mabara yote. Hapa Goma penyewe, Yole!Africa, taasisi iliyoasisiwa na Petna Ndaliko Katondolo, imewafundisha vijana wengi kushika kamera na kukata picha, na ile sherehe yake ya filamu, iliyoanza kwa jina la SKIFF, imewapa mahali pa kuonyesha kazi zao. Ziwa tunalo, ukungu wa asubuhi tunao, na mawe meusi ambayo Hollywood ingelipa mali nyingi kuyaiga yametapakaa mpaka mlangoni. Enyi vijana mtakaolifanya jambo hilo, nawaomba kitu kimoja: lichagueni dubwana mpendalo, kutoka majini au kutoka motoni, lakini msimvishe mtu ngozi ya gorila mkamwita muuaji. Wageni wamekwisha kulifanya hilo, na gorila wa Virunga hawana wa kuwatetea ila sisi.